Hela ya Kaboni na Heka Yako: Moshi wa Katavi Umepungua au Umehama?



Kiangazi kilichopita nilikuwa kwenye mafunzo ya mahindi katika kijiji kimoja cha mkoa wetu wa Katavi, nje kidogo ya vile vijiji vinavyopokea hela ya kaboni. Tulipomaliza kupima nafasi za kupandia kwa kamba, kijana mmoja alinivuta pembeni.

"Bwana shamba," akasema, "wenzetu wa Mwese na Katuma wanalipwa kwa kuacha miti isimame. Sisi tunalipwa lini? Halafu kuna mzee ananiuzia heka kumi za pori kwa bei ya kutupa. Nichukue?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba wiki mbili. Maswali yake yalionekana mawili, lakini kwa kweli ni moja, na wengi wenu mnalo kichwani hata kama hamjaniuliza. Leo basi tujifunze taratibu: biashara ya kaboni inafanyaje kazi, imefanya nini kwenye moshi wa mkoa wetu, na wewe mwenye heka tatu au thelathini unaingia wapi. Chukua daftari na kalamu, kuna hesabu kidogo.

1. Tani ya kaboni ni kitu gani?

Mti unapokua unavuta hewa ukaa kutoka angani na kuitunza ndani ya shina, matawi na mizizi. Ukiukata na kuuchoma, ile hewa inarudi angani. Hakuna uchawi hapo.

Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni. Kaboni hiyo ikiungua inaungana na oksijeni, na uzito unaongezeka mara 3.67. Kwa hiyo tani moja ya kuni kavu ikiungua yote, inatoa takriban tani 1.7 za hewa ukaa. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Sasa tuchukue mfano wa heka moja ya pori letu la miombo yenye tani 20 za kuni kavu juu ya ardhi. Mapori hayafanani, mengine yana zaidi na mengine pungufu, lakini tuanze na hiyo. Zidisha 20 kwa 1.7, unapata tani 34 za hewa ukaa. Huo ndio moshi unaolala ndani ya heka moja. Ukifyeka, ukachoma, na visiki vikaoza, unatoka.

Nchi nyingi zilizoendelea zinatoa moshi mwingi kupitia viwanda, magari na umeme wa makaa ya mawe. Kwetu Tanzania sehemu kubwa inatoka kwenye misitu inayogeuzwa kuwa mashamba, mkaa na kuni. Hesabu ambazo Serikali ilipeleka Umoja wa Mataifa zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2002 na 2013 tulipoteza wastani wa takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kwa hiyo moshi wetu hauko kwenye bomba la kiwanda. Uko kwenye panga, shoka na kiberiti.

2. Soko lenyewe linakwendaje?

Masoko ya kaboni yako ya aina mbili.

La kwanza ni la lazima. Mfano ni Umoja wa Ulaya, ambao tangu mwaka 2005 umeviwekea viwanda na mitambo ya umeme kikomo cha moshi. Kiwanda kikipunguza kuliko kilivyotakiwa, kinauza vibali vilivyobaki. Kikizidisha, kinanunua. Kila baada ya muda kikomo kinashushwa.

La pili ni la hiari. Kampuni ya nje inaamua yenyewe, au kwa kubanwa na wateja wake, kufidia moshi wake kwa kulipia tani zilizozuiwa mahali pengine. Hapa ndipo msitu wa Katavi unapoingia. Anayenunua hachukui mti wala ardhi. Ananunua cheti kinachosema: tani moja ilikuwa iende angani, haikuenda.

Soma sentensi hiyo tena. "Ilikuwa iende, haikuenda." Ugumu wote wa biashara hii uko hapo, kwa sababu lazima mtu akadirie kitu ambacho hakikutokea.

Makadirio yanafanywa hivi. Wataalamu wanaangalia msitu ulivyokuwa ukipotea miaka ya nyuma, wanakadiria ungepotea kiasi gani kama hakuna mradi. Hicho kinaitwa kiwango rejea. Kisha wanapima, kwa picha za setilaiti na kwa kutembea msituni, umepotea kiasi gani kweli. Tofauti ndiyo inayouzwa, baada ya makato mawili.

Mfano wa kujifunzia tu: kiwango rejea kinasema tani 100,000 zingetoka. Zimetoka 30,000. Tofauti ni 70,000. Kato la kwanza ni la uharibifu uliohamia nje ya mpaka, tuseme 10,000. Zimebaki 60,000. Kato la pili ni akiba ya tahadhari, maana msitu unaweza kuungua mwakani. Tuseme 6,000. Za kuuza ni 54,000.

Wengi wanaishia kwenye 54,000 na kuuliza bei ya dola. Leo mimi nataka tuishie kwenye ile 10,000 iliyohama.

3. Mfano wetu wenyewe: Milima ya Ntakata

Hatuhitaji kwenda mbali. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vya Lugonesi, Mwese, Lwega, Bujombe, Kapanga, Katuma, Mpembe na Kagunga vimo kwenye mradi wa Milima ya Ntakata, pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania na halmashauri ya wilaya. Msitu wenyewe ni zaidi ya hekta laki mbili, na ndani yake wamo sokwe na vyanzo vya mito. Tani zake zinathibitishwa kwa kanuni za shirika la Verra la Marekani na kuuzwa kwenye soko la hiari.

Mradi huo haukuanza na hela, ulianza na ramani. Vijiji vilikaa, vikaandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji nguvu ya kufanya hivyo. Bila karatasi hizo hakuna wa kumlipa, kwa sababu hujulikani unalinda nini na mpaka wako uko wapi.

Hela imeingia kweli. Ni mabilioni ya shilingi, na vijiji hivyo vimejenga madarasa, zahanati na ofisi, vimelipia kaya bima ya afya, na vinawalipa vijana wanaolinda msitu. Watu wanakuja kujifunza kutoka mikoa mingine. Baadaye Serikali ikatunga Kanuni za Usimamizi wa Biashara ya Kaboni za mwaka 2022, chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Kanuni hizo zinataka kila mradi usajiliwe, na zinaweka mgawanyo wa mapato. Uratibu wa hesabu uko chini ya Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni, NCMC, pale SUA Morogoro.

Ninawaheshimu sana wananchi wa vijiji hivyo vinane. Msitu ule ungekuwa umekwisha katikati. Lakini swali letu ni la mkoa mzima: msitu wa ndani ya mpaka umesimama, moshi wa nje ya mpaka umefanyaje?

4. Kijana niliyempongeza

Hapa nikiri jambo. Miaka michache iliyopita nilikuwa na kijana mkulima hodari sana. Alikuwa na shamba ndani ya eneo ambalo kijiji chake kilikuwa kimelitenga kuwa msitu. Viongozi walimwelimisha, na mimi nikaongea naye. Akavuna, akaondoka bila ugomvi. Nilimpongeza mbele ya watu, na kwenye taarifa yangu ya robo mwaka nikaandika: mkulima mmoja ameondoka hifadhini kwa hiari.

Misimu miwili baadaye nikamkuta kijiji kingine kabisa, kilometa nyingi kutoka pale. Amefyeka heka nane. Visiki vilikuwa bado vinafuka. Akanisalimia kwa furaha, "Shikamoo bwana shamba, umenikumbuka?" Alikuwa hana kosa lolote machoni pake. Tulimwambia atoke pale, ametoka. Hakuna aliyemwambia aende wapi, wala alimeje gunia zilezile kwenye heka chache. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia.

Wataalamu wanakiita kitu hiki uvujaji. Unaziba tundu moja la ndoo, maji yanatokea jingine. Na sababu zake Katavi tunazijua wote:

- Mahindi yana soko, na heka iliyochoka inatoa gunia 5 au 6. Mtu anaona afadhali pori jipya lenye rutuba ya bure ya miaka mitatu.
- Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni ndani ya bani. Asiye na miti yake anaingia porini.
- Mifugo na watu wanazidi kuhamia kwetu kutoka mikoa mingine wakitafuta ardhi.
- Mkaa hautaki mbolea wala palizi, ndiyo maana kijana akiishiwa hela anaukimbilia.

Biashara ya kaboni peke yake haiondoi hata moja kati ya hizo. Inaweka ukuta mahali fulani, basi.

Duniani nako jambo hili limezua mjadala mkubwa. Januari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi uliodai kwamba sehemu kubwa ya tani za misitu ya mvua zilizothibitishwa na Verra hazikuwa punguzo la kweli, kwa sababu viwango rejea vilikuwa vimekuzwa. Verra ilipinga vikali madai hayo. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka huohuo ilitoa njia mpya ya kukokotoa, ambayo kiwango rejea kinaanzia kwenye takwimu za eneo zima kubwa, kisha kila mradi unagawiwa sehemu yake.

Maana yake kwetu ni hii: dunia inaelekea kuuliza habari za eneo zima, si za mradi peke yake. Moshi wa shamba lako, hata kama uko mbali na Ntakata, unazidi kuwa sehemu ya hesabu.

Na kuna jambo zito zaidi. Cheti kikiuzwa, aliyekinunua anaendelea kutoa tani yake kule kwao akiamini huku tumeizuia. Kama tani hiyo ilihama tu kutoka kijiji kimoja hadi kingine na haikukatwa kwenye hesabu, basi angani zimekwenda mbili: yake na yetu. Kwa hiyo sera hii inaweza kuleta matokeo matatu. Msitu wa ndani ukisimama na mashamba ya nje yakaongeza mavuno, moshi unapungua kweli. Msitu wa ndani ukisimama na ufyekaji ukahama, mambo yanabaki palepale. Ukihama na vyeti vikauzwa kama vile haukuhama, tumeongeza.

Kinachoamua ni lipi kati ya hayo matatu litatokea ni mkulima aliye nje ya mpaka. Yaani wewe.

5. Hesabu ya heka: mbolea au pori?

Vijana wengi huniambia, "Lakini bwana shamba, hata mbolea za dukani zinachafua hewa." Ni kweli. Tupige hesabu tuone.

Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa kipimo cha kawaida cha kimataifa, asilimia moja hivi ya naitrojeni inapotea kama gesi iitwayo oksidi ya naitrasi, ambayo nguvu yake ya kuongeza joto ni zaidi ya mara 270 ya hewa ukaa. Ukijumlisha na hewa ukaa inayotoka kwenye urea yenyewe, mfuko mmoja unatoa shambani sawa na kilo 135 za hewa ukaa. Mfuko wa DAP, wenye kilo 9 za naitrojeni, unatoa kama kilo 39.

Heka moja ya mahindi yenye mfuko mmoja wa DAP na miwili ya urea:

- DAP: kilo 39
- Urea miwili: kilo 270
- Jumla: kama kilo 310, yaani tani 0.31 kwa msimu

Sasa rudi kwenye ile heka ya pori yenye tani 34. Gawa 34 kwa 0.31. Unapata kama 110. Kufyeka na kuchoma heka moja ya pori ni sawa na kuweka mbolea kwenye heka yako misimu 110! Hapo sijahesabu moshi wa kiwandani na wa usafiri wa mbolea. Hata ukizidisha moshi wa mbolea mara tatu, bado ni zaidi ya misimu 35.

Endelea. Unataka gunia 18. Njia ya kwanza, heka 3 zinazotoa gunia 6 kila moja. Una heka 1, kwa hiyo unafyeka 2 mpya: tani 68 angani. Njia ya pili, heka yako ileile moja, mbegu chotara, mbolea, palizi kwa wakati, gunia 18. Moshi: tani 0.31.

Usinielewe vibaya, sisemi umwage mbolea. Mbolea ya ziada ambayo mmea hauitumii ni hela yako inayopotea hewani na mtoni. Ninachosema ni kwamba kwa mkoa kama wetu, kuongeza gunia kwenye heka ya zamani ndiyo njia kubwa ya kupunguza moshi tuliyo nayo mkononi.

Na upande wa mfuko wako? Pima kwa gunia, usipime kwa shilingi, maana bei zinabadilika. Kama gharama ya mbolea na mbegu kwa bei ya ruzuku ni sawa na gunia 5 za mahindi, na heka imetoka gunia 6 hadi 18, umeongeza 12, umelipa 5, umebaki na 7. Weka bei za dukani kwako leo, uone mwenyewe. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 inampata aliyejiandikisha. Kama hujaingia kwenye daftari la wakulima, sera hiyo haikusaidii.

6. "Sisi tunalipwa lini?"

Nirudi kwa swali la yule kijana. Nataka nikwambie ukweli ambao wenye mabango hawasemi: mkulima mmoja mmoja huwa hapati hela nyingi ya kaboni.

Tuangalie Kenya. Magharibi mwa nchi hiyo shirika la Vi Agroforestry liliendesha mradi wa kaboni ya udongo, likisaidiwa na Benki ya Dunia. Wakulima waliacha kuchoma mabaki, wakaweka mboji, wakapanda miti shambani. Januari 2014 mradi ulipata vyeti vya kwanza vya aina hiyo, tani 24,788. Wakulima walikuwa makumi ya maelfu. Gawanya mwenyewe: haifiki hata tani tatu kwa kila mmoja. Kama tani ingeuzwa dola 5, hapo hata mbegu ya heka moja ni shida kununua.

Je, mradi ulikuwa na hasara kwa wakulima? Hapana. Faida yao ilikuwa kwenye udongo unaoshika maji na mahindi yaliyoongezeka. Hela ya kaboni ilikuwa kama chumvi kwenye mboga, ugali wenyewe ulitoka shambani.

Ndiyo maana Ntakata inalipa kijiji, hailipi mtu. Msitu mkubwa, tani nyingi, hela inakwenda kwenye zahanati na darasa ambalo mtoto wako pia atasoma. Kama kijiji chako kina msitu wake na hakina mpango wa matumizi ya ardhi, hapo ndipo pa kuanzia: omba ajenda hiyo iingie kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kama hakina msitu uliobaki, faida yako itatoka kwenye gunia, usisubiri cheti.

7. Ya kufanya msimu huu

Mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili. Kabla hazijaanza:

1. Pima udongo. Ongea na afisa kilimo wa kata au wataalamu wa TARI. Udongo wenye tindikali kali, pH chini ya 5.5, unahitaji chokaa kwanza, la sivyo mbolea unaizika tu.
2. Nafasi. Sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, unapata karibu mimea 18,000 kwa heka. Shamba nyingi ninazopita zina nusu ya hiyo, halafu mwenyewe analalamikia mbegu.
3. Usichome mabaki. Yalaze kati ya mistari. Kama ng'ombe wanaingia, ongeeni na viongozi mtumie sheria ndogo za kijiji mapema.
4. Gawa urea mara mbili, na ifukie. Ya kwanza mahindi yakifika magotini, ya pili kabla ya kutoa mbelewele. Ukirusha juu ya udongo mkavu, unalisha hewa.
5. Zungusha mazao. Mahindi, halafu karanga, maharage au soya. Kunde zinarudisha naitrojeni bila duka.
6. Mwenye tumbaku, panda miti yako na ujenge bani sanifu linalokula kuni kidogo. Mikaratusi ikae mbali na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mto Katuma unaowanywesha viboko wa Hifadhi ya Katavi na kuelekea Ziwa Rukwa unaanzia kwenye milima hii hii. Wanaolima mpunga kule chini wanajua kiangazi chake.

8. Ukiletewa mkataba

Siku hizi wapo wanaozunguka na makabrasha. Wengine ni wa kweli, wengine ni madalali. Usisaini kabla hujajibiwa haya, tena kwa Kiswahili na kwa maandishi:

- Mradi umesajiliwa kwa mujibu wa Kanuni za 2022? Namba yake ipi? Halmashauri na NCMC wanaujua?
- Mkataba ni wa miaka mingapi? Miradi ya misitu huenda miaka 20, 30 na zaidi. Wewe una miaka 25, utakuwa mzee.
- Nani anamiliki tani, na mgawanyo ni asilimia ngapi ya mapato ghafi au ya kilichobaki baada ya gharama? Hapo ndipo wengi wanapoumia.
- Bei ya soko ikianguka, au moto ukipita, nani anabeba hasara?
- Bado nitaruhusiwa kulima, kuvuna asali, kuokota uyoga na kuni kavu?
- Kama ni ardhi ya kijiji, mkutano mkuu ulikaa lini? Muhtasari uko wapi?

Mtu akikwambia usaini leo kwa sababu kesho nafasi itaisha, mpe maji ya kunywa, umsindikize.

9. Nilichomjibu

Wiki mbili zilipoisha nilirudi. Nilimwambia, mdogo wangu, kwanza nenda kwa mtendaji wa kijiji, ufungue ramani uone hizo heka kumi ziko eneo gani. Tulikwenda wote. Sehemu kubwa ilikuwa imetengwa kwa malisho na msitu. Yule mzee alikuwa anauza kitu ambacho si chake kuuza. Kijana angelipa, angefyeka, halafu siku moja angeondolewa kama yule wa kwanza, na mimi ningeandika tena taarifa nzuri.

Pili, tulikaa kwenye heka zake tatu. Alikuwa anapata gunia 17 kwa zote. Tukagawa hela aliyotaka kununulia pori: chokaa, mbegu, mbolea, na vibarua wa palizi ya kwanza. Haikutosha heka tatu, ilitosha mbili. Tukaanza na mbili.

Sijui bado atavuna ngapi, mvua ndiyo itakayosema. Ila safari hii jina lake sikuliandika kwenye taarifa. Nimeliandika kwenye daftari langu la kutembelea mashamba, na nimepanga kufika kwake mara nne kabla ya mavuno.

Kazi ya nyumbani: andika heka zako, gunia ulizovuna msimu uliopita, gawanya. Kama jibu ni chini ya 10, bado una pori kubwa ndani ya shamba lako mwenyewe ambalo hujalilima. Anza hapo.

Tuonane shambani.